Kitanda Ndani ya Gari la Mikate

Mwenye duka la vifaa alikuwa ameshashika kufuli mkononi seremala alipoingia mbio, vumbi la mbao limemganda kwenye nyusi. Jua lilikuwa linamalizia kuzama. Alitaka bawaba nane, za shaba, za kubeba ubao mzito.

"Nane za nini? Mlango unatosheka na tatu," mwenye duka alisema.

"Si mlango. Ni meza ya jikoni. Inashuka kutoka ukutani na kufunika kitanda."

Mwenye duka alimtazama kwanza, kisha akaangua kicheko. "Sasa mtalala juu ya sufuria au chini yake?"

"Wewe nipe bawaba, ndugu yangu. Giza linaingia."

Akapewa. Akazitia mfukoni, zikawa zinalia kila alipopiga hatua, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijikuta anapiga mluzi. Zilibaki siku mbili tu. Siku mbili, halafu yeye na mkewe wangeuaga mji ule moja kwa moja.

Maana mkewe alikuwa anakufa, tusizungushe maneno. Miaka ishirini na saba ya kuishi chumba cha nyuma ya karakana, akivuta vumbi la misumeno mchana na unyevu wa kuta usiku, ilikuwa imemfikisha mahali ambapo hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Daktari hakupepesa macho. Mtoe hapa, alisema, mpeleke kwenye hewa kavu, la sivyo mvua zijazo hatazimaliza. Na hewa kavu ilikuwapo. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa huko juu milimani, mwendo wa siku tatu, na miezi miwili iliyopita alikuwa amejifungua mtoto wa kiume ambaye bibi yake hajamtia machoni bado.

"Nikishampakata," mama huyo alikuwa akisema kila siku, "mnaweza kunifanya mnavyotaka."

Basi la abiria lilishindikana. Walijaribu mara moja wakashushwa kituo cha pili, mama midomo imebadilika rangi, abiria wamegeuza nyuso. Ndipo seremala alipouza mashine yake ya kuranda akanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Lilikuwa la mraba kama kabati, na kati ya dereva na huko nyuma kulikuwa na ukuta wa bati wenye kidirisha cha kupitishia mkono tu. Harufu ya mikate ilikuwa imeingia hadi kwenye misumari. Mkewe alipoingizwa mara ya kwanza alivuta pumzi aliyoweza kuvuta, akatabasamu.

"Angalau nitakufa nimeshiba," alisema. Mzaha ulikuwa haumwishi, hata kifua kikimbana.

Asiyejua anaweza kudhani kutengeneza nyumba ndani ya gari ni kutupia godoro na jiko, basi. Thubutu! Gari halina pembe moja iliyonyooka, na kila unachokiweka kitataka kutembea. Seremala alianza na jiko. Alitia karo dogo la bati, chini yake madumu mawili, la maji safi na la maji machafu, na pampu ya kukanyaga kwa mguu ili mgonjwa asiiname. Makabati yote aliyawekea komeo. Mtungi wa gesi aliufunga kwa mkanda karibu na mlango wa nyuma, na jiko la plati mbili akaliweka chini ya dirisha, moto usije ukamlia mgonjwa hewa. Dirisha lenyewe lilikatwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mchomeleaji mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Mgonjwa alihitaji maji ya kujifukiza kila baada ya saa chache, kwa hiyo safari bila jiko isingekuwa safari, ingekuwa mazishi.

Kilibaki kitanda. Kitanda kilitaka mbao, na seremala hakuwa na mbao.

Zilikuwapo karakanani. Lakini hazikuwa zake.

Karakana ile ilitengeneza vitanda, makabati na majeneza. Sasa, jeneza halipimwi kwa tepu. Alivyofundishwa na bwana aliyemtia kwenye kazi, fundi hapeleki tepu yake kwenye nyumba ya msiba. Wafiwa wenyewe hukata ufito urefu wa marehemu, utosi hadi kisigino, wakamletea. Fundi anaongeza vidole vinne, anatengeneza. Jeneza likishakamilika, ufito unavunjwa vipande viwili na kulazwa ndani, juu ya maranda. Hapo ndipo kazi imekwisha, na ufito haubaki mzima baada ya kazi kwisha. Tena kulikuwa na jambo ambalo bwana yule alimrudia mpaka likamganda kichwani: ufito wa jeneza haupimi kitu kingine. Hata kigoda. Hata kwa utani.

Juma lile lile binti alipojifungua, saa za magharibi, alikuja mteja karakanani. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kola imefungwa hadi kooni. Barabara ile ilikuwa vumbi tupu, lakini viatu vyake vilikuwa safi. Begani alibeba mbao tano nyekundu. Mkononi, ufito.

"Pole kwa msiba," seremala alimwambia. "Nani amefariki?"

"Hajafariki." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye karibu na aliyelala. "Napenda kujiandaa mapema. Tumia mbao hizi. Nitakuja kulichukua."

Seremala hakupenda, lakini alishawahi kuona watu wenye haraka na wagonjwa wao. Alizipokea mbao, akauegesha ufito nyuma ya mlango. Mteja hakurudi wiki ile, wala iliyofuata, wala ya sita. Mbao zilikaa pale, zimenyooka, hazina fundo hata moja. Kila asubuhi seremala alizitazama, na kila asubuhi mkewe alikohoa upande wa pili wa ukuta.

Siku moja akazishusha. "Akija nitamtafutia nyingine," alijiambia, na kwa kweli alikusudia hivyo. Tepu yake ilikuwa imekatika springi asubuhi ile ile. Tepu mpya ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, lakini mgonjwa alikuwa amelala pale mbele yake, na ufito ulikuwa nyuma ya mlango. Akauchukua. Akaulaza kando ya mkewe.

Utosi hadi kisigino. Haukuzidi unywele. Haukupungua unywele.

Mkewe alifumbua jicho moja. Mke wa fundi wa majeneza hahitaji kuambiwa ufito ni nini. "Mteja wako ana mgonjwa wa kimo changu," alisema, akacheka hadi kikohozi kikamshika, na seremala naye akacheka, huku akimsugua mgongo. Kisha akaenda kukata mbao. Na mkono, bila kuuliza kichwa, ukaongeza vidole vinne.

Tukirudi kwenye jioni ile ya bawaba, seremala alizifunga zote nane kwa mwanga wa taa ya betri, shemeji yake akiwa ameushika ubao wa meza usianguke. Walipomaliza waliushusha. Ukafunika kitanda sawasawa, pande zote. Wakauinua, wakauzuia kwa kulabu ukutani. Shemeji alirudi nyuma hatua mbili ili aione kazi vizuri.

Akakikagua kitanda tangu kichwani hadi miguuni.

"Shem," alisema baadaye, "mbona kitanda kipana mabegani halafu kinasinyaa miguuni?"

"Ni tairi. Bati la tairi limekula nafasi."

"Na hizi kingo za pembeni?"

"Asianguke kwenye kona."

"Na huo ubao wa juu?"

Seremala alitaka kujibu. Alikuwa na jibu, meza ya jikoni, alikuwa ametoka kumweleza mwenye duka kwa kinywa kipana. Lakini aliitazama kazi yake kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeikuta kwa mwenzake. Mikono yake ilikuwa imetengeneza ilichozoea kutengeneza.

"Tubomoe," shemeji alinong'ona.

"Nitengeneze kingine kwa mbao zipi? Daktari alisema..."

"Shem, tubomoe."

"Mnanong'ona nini huko?" Ilikuwa sauti ya mgonjwa, kutoka mlango wa chumba cha nyuma. Alikuwa amejikongoja peke yake, ameshika fremu kwa mikono miwili. "Kama kimekwisha, niingizeni nijaribu."

Wakamwingiza, wakamlaza.

Kikohozi kikakatika.

Karakana nzima ilikuwa kimya... kimya ambacho seremala hakuwa amekisikia kwa miaka. Alimwinamia, akaona kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda. Taratibu. Kwa kina. Mkewe alikuwa anapumua kama msichana.

"Mume wangu," alisema, machozi yakimtoka, "kimefunguka. Kifua kimefunguka!"

Sasa wewe niambie, nani angekibomoa?

Furaha ile ilimpa nguvu akainuka, akataka kupika chai kwa mkono wake mwenyewe ndani ya nyumba yake mpya. Wakaushusha ubao. Alikanyaga pampu, maji yakatoka, akashangilia kama mtoto. Kisha akaipua birika la moto akaliweka moja kwa moja juu ya mbao mpya, na lilipoondolewa likaacha duara jeusi.

"Wewe mwanamke! Nimepiga msasa siku mbili!"

"Nyamaza. Sasa nyumba ina alama ya mwenyewe."

Walicheka wote watatu, hata shemeji, ingawa yeye alichekea mlangoni. Vikombe havijaisha, kikohozi kikarudi, kikali kuliko kile cha mwanzo. Walimrudisha kitandani, kikakatika. Asubuhi alijaribu tena kuinuka akashindwa kufika hata kwenye karo. Ndani ya kitanda alikuwa mzima. Nje ya kitanda alikuwa maiti inayohema. Seremala aliliona hilo na akakataa kuliona. Alichukua kipande cha ubao mwekundu kilichobaki, akakaa mlangoni mwa gari na kumtengenezea mjukuu kitanda kidogo, mkewe akimwelekeza huku amelala. Alikikadiria kwa macho tu, akaongeza vidole vinne, maana watoto hukua.

Jioni hiyo, ya mwisho kabla ya safari, alikuwa anafunga madumu nje ya gari.

Ko. Ko. Ko.

Kwenye bati, upande wa pili.

Harufu ilimfikia kwanza. Maranda mabichi, ya mti uliokatwa leo, wakati karakanani hakukuwa na mti mbichi hata mmoja. Akazunguka gari. Shati jeupe. Kola kooni.

"Nimekuja kuchukua jeneza," mteja alisema, kwa sauti ile ile ya chini.

"Nisamehe, ndugu yangu. Mbao zako nimezitumia. Nitakutafutia nyingine, nzuri kuliko zile, hata kama..."

"Hapana haja. Nimeliona." Aliinua kidevu kuelekea dirishani. "Umelitengeneza vizuri. Umelitilia na dirisha."

"Hicho ni kitanda."

"Sawa."

"Ni kitanda cha mke wangu!"

"Najua ni cha nani. Mimi ndiye niliyeleta kipimo."

Seremala alitaka kumkaba. Akaishia kushika bati la gari. "Nani amekutuma?" aliuliza.

"Ufito umeuvunja?" mteja aliuliza.

Seremala alitupa jicho kwenye mlango wa karakana.

"Basi kazi bado. Mimi siuvunji, hiyo si kazi yangu. Ni ya mwenye nyumba. Mimi nasubiri tu." Akatazama viatu vyake, safi kama vilivyotoka dukani. "Sina haraka."

Akaondoka kwa mwendo wa kawaida, akapita kona ya ukuta. Seremala akamkimbilia. Barabara ilikuwa tupu. Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo zake mwenyewe tu.

Hakulala. Aliukuta ufito nyuma ya mlango, mzima, akaushika hadi kulipokucha, akipiga hesabu ya maisha ya mkewe kama fundi apigavyo hesabu ya kabati. Ufito ukiwa mzima, kazi bado. Kazi ikiwa bado, mke anaishi. Kwa hiyo usivunjike. Kuuacha karakanani hawezi, atakuja mpangaji mwingine autie jikoni. Kuuweka mbele pembeni yake haiwezekani, hauingii, ukuta wa bati unauzuia. Ndani ya gari lote palikuwa na mahali pamoja tu palipotosha urefu ule, pamenyooka, hapatikisiki. Aliuzungushia shuka, akaulaza kati ya godoro na ukingo wa kitanda. Ubavuni mwa mkewe.

Na hakumwambia. Amwambieje? Mtu amepata pumzi baada ya mwaka mzima, umwambie pumzi hiyo imetoka wapi? Alifyata ulimi kwa mapenzi, na hilo ndilo atakalojuta mpaka siku anaingia kaburini.

Wakaondoka. Shemeji aliwaaga kwa kupitisha mkono kwenye dirisha alilolikata mwenyewe, dada yake akaushika muda mrefu. Kisha barabara. Seremala aliendesha kwa mwendo wa kusukuma toroli. Kila shimo lilimpiga moyoni. Kila tuta alisimama, akashuka, akafungua mlango wa nyuma na kupapasa shuka lile huku akijifanya anakagua mtungi wa gesi.

"Unaendesha kama umebeba mayai," mkewe alimtania kupitia kidirishani.

"Nimebeba wewe."

"Ha! Na uzee huu umeanza maneno matamu."

Zilikuwa siku nzuri, mtu asikudanganye. Jiko lilikuwa hatua moja kutoka kitandani, kwa hiyo walipoegesha seremala alipika uji na supu mlango ukiwa wazi, na mkewe akampa maagizo, punguza moto, umetia chumvi nyingi, haukuoshwa huo mwiko. Alikula. Aliimba. Mashavu yalianza kurudi. Binti alipiga simu asubuhi na jioni, "Mmefika wapi, baba?", na mtoto akasikika akilia nyuma yake, na bibi akawa anapiga vigelegele vidogo vya kumbembeleza kwenye simu.

Lakini siku ya kwanza, kando ya barabara, kwenye jiwe, alikuwa amekaa mtu wa shati jeupe. Siku ya pili pia, saa kumi, chini ya kibao cha njia. Hakupunga mkono. Alikaa tu, mikono magotini, kama mgonjwa anayengoja zamu yake. Seremala aliukaza usukani akapita bila kugeuka.

Siku ya tatu hakumwona.

Alimtafuta kwenye kila jiwe. Asubuhi hakuwapo. Mchana hakuwapo. Hewa ilianza kuwa nyepesi, kavu, na seremala akaanza kuamini. Jua lilipokuwa linazama walikuwa wanapanda mlima wa mwisho, na juu kabisa ya mteremko aliziona kwa mbali taa za mji wa binti yake. Nusu saa. Nusu saa tu! Macho yalimlowa.

"Mume wangu."

"Naam! Taa hizo, unaziona dirishani? Tumefika!"

"Naziona. Nilitaka kukuuliza kitu. Hivi kwa nini umeubeba ufito wa yule mteja?"

Mguu wake ulikanyaga breki kabla yeye hajaelewa.

"Umenichoma ubavu siku tatu," mkewe aliendelea, kwa upole. "Leo nikasema ngoja nitazame ni nini. Mzee wewe, kusahau kutakuua. Mbao zake umeshazitumia, kazi imekwisha, na ufito haubaki mzima. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Sikutaka uingie na nuksi hiyo kwa mtoto wetu."

"Mke wangu... uweke chini. Uweke chini hivyo hivyo, nakuja."

"Nimeshakuvunjia."

Seremala alishika kitasa cha mlango wake.

"Ila ulikuwa mgumu! Nilimwomba huyu uliyempa lifti anisaidie, akakataa. Kasema si kazi yake."

Seremala hakuwa amempa mtu lifti.

"Ana viatu safi," mkewe alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kulegea, kama ya mtu anayesinzia. "Nimechoka ghafla. Ukifika kwa mtoto... uniamshe."

Klak. Ilikuwa kulabu.

Kisha bawaba. Zote nane, kwa pamoja, polepole... kriiii...

Pu.

Alianguka akishuka, akainuka, akaanguka tena. Alifungua mlango wa nyuma. Hakukuwa na mtu. Harufu ya mikate ilikuwa imetoweka kabisa, kulinuka maranda. Ubao ulikuwa umeshuka, umefunika sawasawa, pande zote. Aliuinua kwa mikono miwili huku akiita jina la mkewe ambalo hakuwa amelitumia tangu wapate mtoto. Alikuwa amelala chali, uso umetulia, vipande viwili vya ufito vimepangwa kifuani. Chini ya kichwa chake, mahali pa mto, kulikuwa na maranda mekundu, mengi, laini. Seremala hakuyaweka.

Huko kwa binti, fundi wa majeneza aliitwa na hakupata cha kufanya. Alikata skrubu nne zilizokishikilia kitanda kwenye sakafu ya gari, akakitoa, akakizunguka. "Amelitengeneza nani hili?" aliuliza. "Limemkaa hasa." Seremala alikuwa amepiga magoti na kipande cha msasa, anasugua duara jeusi la birika kwenye kifuniko. Alisugua mpaka vidole vikatoka damu. Halikutoka. Mwishowe binti alimshika mkono akamwambia, "Liache, baba. Ni la mama."

Akazikwa nalo.

Waliporudi kutoka makaburini, jua linazama, seremala alikwenda kukaa ndani ya gari, kwenye lile jiko lisilo na kitanda. Akaona kitu kimeegeshwa kwenye mlango.

Ufito. Mfupi. Tangu ncha ya kidole hadi juu kidogo ya kiwiko.

Fundi wa miaka thelathini hahitaji tepu. Aliukamata kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu, kama mtu anavyoshika yai lenye ufa, akakimbilia ndani ya nyumba.

Safari hii hakufyata ulimi. Alimweleza binti yake kila kitu, tangu mbao hadi lifti. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akilia, na seremala akaona machoni mwake kwamba anamlilia yeye. Anamlilia mzee aliyechanganyikiwa kwa majonzi.

"Yuko wapi mtoto?" aliuliza.

"Amelala, baba. Kwenye kitanda ulichomletea." Binti alijifuta macho, akajaribu kutabasamu. "Sikuwahi kukwambia kwenye simu, nilihofia kumtia mama wasiwasi. Amekuwa akikohoa tangu azaliwe. Lakini humo hakohoi kabisa. Nimejaribu kumtoa mara mbili, anabanwa. Nikimrudisha, anapumua vizuri."

Seremala aliukumbatia ufito kifuani.

Chakula kikaletwa. Majirani wakakaa, wakazungumza kwa sauti za msibani, mmoja mmoja wakaanza kuaga. Mlangoni, kwenye kiti cha mwisho, shati jeupe lilionekana kati ya mashati mengine ya wafiwa, na seremala hakujua kama ni lile.

"Baba," binti alisema kwa upole, akamsogezea sahani, "uweke chini huo ufito, ule."

Hakuuweka. Alikula kwa mkono mmoja.